Kulinda mwambao bila manowari: ziwa Tanganyika, 1914–1916

Katika makala hii nataka kueleza jinsi mwambao wa Congo kwenye ziwa Tanganyika ulivyolindwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa nini sehemu kubwa ya ulinzi huo ilifanyika mbali na maji, katika milima na mapori ya Katanga yetu. Nitaanza na neno, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, kisha nitaingia katika vita vyenyewe.

Mfasiri anayekutana na neno la Kifaransa corsaire hukimbilia haramia. Si tafsiri mbaya, ila inapoteza jambo moja. Haramia, kama mzizi wake wa Kiarabu unavyosema, ni mtu wa haramu: anaiba baharini kwa faida yake na hana serikali nyuma yake. Corsaire ana barua ya mfalme mfukoni. Barua hiyo inampa ruhusa ya kuwinda meli za adui wa mfalme, kuziteka, na kugawana nyara na waliompa chombo. Ndiyo maana Robert Surcouf, aliyewasumbua Waingereza katika bahari ya Hindi, ni shujaa kwa watu wa Saint-Malo na mwizi tu kwa wafanyabiashara wa Kiingereza aliowapokonya meli. Kiswahili hakina neno moja la mtu huyo. Tukisema haramia wa serikali, msomaji ataelewa, hata kama atatabasamu.

Mwaka 1856 mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Paris kuzifuta barua hizo. Barua ziliondoka, kazi ikabaki. Katika vita vilivyofuata, serikali ilichukua meli ya biashara au ya abiria, ikaifunga mzinga, ikaweka maofisa wake ndani, na kuituma kufanya yaleyale: kutokea ghafla, kupiga, kuchukua au kuchoma vyombo vya watu, kutoweka.

Watu wa pwani ya Kiswahili waliyaona haya mapema. Kati ya 1585 na 1589 Mir Ali Bey, nahodha wa upande wa Waturuki, alishuka mara mbili kutoka bahari ya Shamu na kuishambulia pwani ambayo Wareno walijiona ni mabwana wake. Miji kadhaa ilimpokea vizuri, maana ilikuwa imewachoka Wareno. Wareno walijibu kwa njia mbili. Kwanza walituma meli nyingi kutoka Goa, wakamkamata Mombasa mwaka 1589. Kisha, kuanzia 1593, wakajenga Ngome ya Yesu kwenye mlango wa bandari hiyohiyo. Njia hizo mbili ndizo zilizopo hata leo: kumfuata mvamizi na kukiondoa chombo chake, au kukaa na mizinga ufukweni na kumngoja. Ngome inailinda bandari. Mvuvi anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka pale haimsaidii kitu.

Sasa tuje kwetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na upana wake mahali pengi haufiki kilomita 60. Mwaka 1914 ng'ambo ya mashariki ilikuwa ya Wajerumani, ya magharibi ilikuwa ya Wabelgiji, na kusini kulikuwa na kipande cha Waingereza. Kwa mtu wa Ujiji na mtu wa Mtoa mpaka huo ulikuwa mgeni. Misafara ilikuwa imevuka pale miaka mingi, na Kiswahili kilivuka pamoja nayo. Ni kwa njia hiyo, miongoni mwa nyingine, lugha hii ilifika mpaka kwetu. Vita vilipoanza, askari wa Kijerumani waliamrishwa kwa Kiswahili, na upande wa Congo wa ziwa hilo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kambi. Maadui hao wangeweza kutukanana bila mkalimani.

Wabelgiji walitumaini kwamba Congo ingekaa nje ya vita, kwa sababu mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya bonde la Congo kutokuwa upande wowote. Tumaini hilo halikuishi muda mrefu. Tarehe 15 Agosti 1914 meli ya Kijerumani ilifika Mokolubu, kusini ya Uvira, ikaharibu mitumbwi zaidi ya kumi na kukata waya wa simu. Tarehe 22 meli Hedwig von Wissmann ilikuja mbele ya Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie, ikaipiga Alexandre Delcommune, meli pekee ya maana ambayo Wabelgiji walikuwa nayo ziwani. Kabla mwaka haujaisha, vyombo vya Waingereza huko kusini, Good News na Cecil Rhodes, navyo vilikuwa vimeharibiwa.

Naomba msomaji asiipite haraka ile mitumbwi ya Mokolubu. Vitabu vinaitaja kwa nusu ya sentensi ili vifike upesi kwenye meli. Lakini Vita Kuu ilipoingia Congo, mali ya kwanza iliyoharibiwa ilikuwa ya wavuvi, watu wasiojua hata chanzo cha ugomvi. Ukitaka kujua kwa nini nimeanza na neno corsaire, sababu ni hii. Kisheria mabaharia wale walikuwa wanajeshi kamili: wengi walitoka kwenye Möwe, meli ya kupimia bahari iliyozamishwa Dar es Salaam siku za mwanzo za vita, na kamanda wao Zimmer ndiye aliyekuwa nahodha wake. Kwa mwenye mtumbwi, sheria hiyo haikubadilisha kitu.

Ilikuwaje meli mbili tatu ndogo zitawale ziwa lote? Hesabu yake ni nyepesi. Askari wanaotembea kando ya ziwa, wakipanda na kushuka vilima, wanahitaji majuma kufika mahali ambapo meli ya mvuke inafika kati ya jioni na asubuhi. Basi mwenye meli anachagua siku na mahali, na asiye na meli analazimika kuwa kila mahali siku zote. Wabelgiji walitawanya askari wao wa Force Publique katika vituo vya mwambao, wakaweka mizinga Lukuga. Hiyo ilikuwa Ngome ya Yesu yao. Ilisaidia Lukuga, na haikusaidia kwingine. Walikuwa pia na vipande vya meli kubwa, Baron Dhanis, lakini hawakuthubutu kuiunganisha ufukweni, kwa maana Wajerumani wangeipiga kabla haijaguswa na maji.

Wajerumani walikuwa na kitu ambacho ng'ambo yetu haikuwa nacho, yaani reli. Njia kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kwa reli hiyo ilikuja Kingani, chombo kidogo kilichopewa jina la mto wa karibu na Bagamoyo. Kwa reli hiyo vilikuja vipande vya Graf von Götzen, meli ya urefu wa mita 71 hivi iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa masandukuni na kuunganishwa upya Kigoma. Iliingia majini Februari 1915. Hata mzinga wake mkubwa ulitoka baharini, kwenye manowari Königsberg, iliyoiteka meli ya Kiingereza karibu na Oman siku za kwanza za vita, ikaizamisha Pegasus bandarini Unguja mwezi wa Septemba 1914, kisha ikanaswa na kufa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mvamizi wa bahari alikufa, na jino lake likapelekwa ziwani.

Upande wetu reli kutoka kusini ilikuwa imefika Élisabethville mwaka 1910, ikaendelea mpaka Fungurume. Huko kaskazini ya mbali kulikuwa na kipande kingine, kati ya Kabalo na Lukuga, kilichokamilika 1915. Katikati palikuwa na milima ya Mitumba, pori, reli fupi nyembamba ya kufikia Bukama, na mto Lualaba. Pengo hilo ndilo tatizo lote la ulinzi wa mwambao. Meli ya kumfuata mvamizi ilikuwepo Ulaya. Njia ya kuifikisha ziwani haikuwepo.

Wazo la kuliziba pengo lilitoka kwa mwindaji aliyeitwa John Lee, aliyekwenda London mwaka 1915 kueleza kwamba mashua mbili za mota zingeweza kupita Katanga. Wakuu wa jeshi la maji walikubali. Uongozi walimpa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye mpaka hapo hakuwa na sifa kubwa. Alitaka mashua ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo mtoto wa Kifaransa humwitia paka na mbwa, na wakubwa hawakugundua utani. Sisi wa Lubumbashi tunacheka mara mbili, kwa kuwa tunajua Kifaransa na tunajua pia maana ya mimi. Fikiria mtu anayepeleka habari kambini: Mimi imepigwa, Mimi inavuja maji.

Mashua ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni. Mwishoni mwa Julai zilikuwa hapa mjini. Élisabethville wakati huo ulikuwa mji wa miaka mitano, wenye tanuru la shaba na barabara za udongo mwekundu. Mapema Agosti ziliteremshwa Fungurume. Leo jina hilo linatuletea akilini malori ya shaba na kobalti yaliyopangana kilomita nzima. Mwaka 1915 lilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa kazi.

Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 na uzito wa tani kadhaa. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, inakoanza ile reli nyembamba, ni zaidi ya kilomita 200, na mlima unapanda zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Barabara haikuwepo. Ilibidi miti ikatwe, mawe yavunjwe, mito na makorongo yawekewe madaraja ya magogo. Madaraja hayo yalipita mia moja. Mashua zilivutwa na masini mbili za mvuke, zile zenye magurudumu makubwa ya chuma, na zilipokwama zilivutwa na ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa zilivutwa kwa kamba na watu. Safari hiyo ilichukua kama majuma sita, kuanzia katikati ya Agosti mpaka mwisho wa Septemba.

Anayejua majira yetu ataona mara moja kwa nini ilibidi kuharakisha. Agosti na Septemba ni kiangazi: mito ni membamba, udongo ni mgumu, masini inaweza kupita. Mvua ya kwanza ingeifanya barabara ile kuwa matope. Lakini kiangazi hichohicho kilikuwa na bei. Masini ya mvuke inakunywa maji mengi, na visima vilikuwa vimekauka, kwa hiyo wanawake wa vijiji walibeba maji kichwani kutoka mbali ili kuinywesha. Moto wa pori nao ulikuwa ukitembea. Na walipofika Bukama walikuta Lualaba imepungua, mashua zikagusa mchanga, ikabidi zifungiwe mapipa chini ili zielee juu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba, baada ya mto na baada ya reli ya Kabalo, walikuwa Lukuga.

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapochangamka, na mimi nitapita haraka. Mashua ziliingia ziwani siku chache kabla ya Noeli. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitokea kupeleleza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu; Mimi na Toutou, zilizokuwa na mbio zaidi, ziliizunguka na kuipiga kwa nyuma. Nahodha wake aliuawa, chombo kikatekwa na kupewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake, ikafukuzwa na kuzamishwa. Götzen ilipotokea kesho yake, Spicer-Simson hakutoka kuikabili. Wabelgiji walikasirika. Kwa maoni yangu alikuwa na haki: mzinga wa Götzen ungezivunja mashua zile za mbao kabla hazijakaribia. Aliyebaki alishughulikiwa kwa njia nyingine. Wabelgiji walileta ndege zinazotua juu ya maji, wakaziweka karibu na Mtoa, na Juni 1916 zikaanza kuangusha mabomu Kigoma. Jeshi la Force Publique nalo lilikuwa likiteremka kwa nchi kavu kutoka kaskazini. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kuipaka grisi kwenye mitambo ili ifae siku nyingine, na siku mbili baadaye Kigoma ikachukuliwa. Septemba ilikuwa zamu ya Tabora, na hiyo tulifundishwa sote sekondari.

Nikiangalia mambo haya yote, naona kwamba mwambao ulikombolewa kati ya Fungurume na Sankisia. Mapigano mawili ya ziwani yalichukua masaa machache tu. Barabara ilichukua majuma, na mamia ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Tena hao ni sehemu ndogo: katika vita vyote vya Wabelgiji upande wa mashariki, wapagazi walipita 200,000. Historia ya Mimi na Toutou imeandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, C. S. Forester aliitumia kama mbegu ya riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935, na riwaya ikawa filamu. Katika kazi hizo mwenye kutenda ni Mzungu. Mwafrika ni mandhari, pamoja na mbu na mamba.

Na bado neno moja la wale wa barabarani limetufikia. Spicer-Simson alipenda kuvaa sketi ya kaki kwa sababu ya joto. Watu waliomwona walimbandika jina, na wenzake Wazungu wakaliandika: Bwana Chifungatumbo.

Tulitazame neno hilo kwa jicho la darasani. Muundo wake ni wa kawaida kabisa: kiambishi cha ngeli, kitenzi funga, nomino tumbo. Ni ndugu wa kifunguamimba, mtoto wa kwanza, na wa kifungua kinywa. Maana yake ni kitu kinachofunga tumbo, basi Bwana Chifungatumbo ni bwana mwenye kitambaa cha tumboni. Lakini kwa nini chi- badala ya ki-? Katika Kiswahili sanifu ki- hugeuka ch- mbele ya irabu, kama chakula na chombo. Mbele ya f hakuna sababu ya kugeuka. Kibemba kina chi- katika ngeli hii, na Ciluba cha Kasai vilevile, wakati Kiluba cha Katanga kinashika ki-. Ikiwa sikio la Mwingereza aliyeandika lilikuwa zuri, basi aliyelitunga jina hilo alikuwa akisema Kiswahili kwa ulimi wa mtu wa lugha nyingine, labda Kibemba. Kwa hiyo herufi mbili zinaweza kutuonyesha nani alikuwa kwenye kamba: watu waliotoka sehemu mbalimbali, wakielewana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikipindisha kwa namna ya nyumbani kwake. Hicho ndicho Kiswahili tunachokisikia leo Kenya na Katuba, na wako walimu wanaotuambia kwamba kimeharibika.

Vitabu hivyohivyo vinapenda kusimulia kwamba watu wa ziwani, Waholoholo, walimheshimu Spicer-Simson kama mungu na kumfinyangia sanamu. Siwezi kuyasoma maneno hayo bila kulikumbuka lile jina. Waliomwita Chifungatumbo hawakuwa wakiabudu. Walikuwa wakicheka mtu, kwa siri na kwa ufundi, huku wakivuta mashua yake.

Götzen ilifufuliwa na Wabelgiji, ikazama tena Kigoma, Waingereza wakaitoa na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini. Meli ya mvamizi ikawa meli ya abiria, na vizazi vya wafanyabiashara na wakimbizi vimesafiri nayo. Barabara ya Fungurume haikupata bahati hiyo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu hapo hakuna aliyehitaji tena kupitisha mashua juu ya Mitumba.

Wafanyakazi wa mji huu walikwisha kutuonyesha kwamba historia inaweza kuandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe: Vocabulaire ya André Yav, ya mwaka 1965, ilitungwa hivyo, na leo inasomwa katika vyuo vya nje kuliko hapa. Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wanaokwenda likizo upande wa Fungurume, Sankisia, Bukama, Kabalo na Kalemie. Waulizeni wazee kama katika familia yao kuna jina la ile barabara, jina la zile masini, wimbo wa kuvutia kamba, au jina la mwaka ule. Andikeni kama mzee anavyotamka, pamoja na chi- zake, bila kumsahihisha.